Umeme wa Ethiopia hauji shambani kwako na jina lake

SWALI: Mhandisi, nasimamia shamba la maua hapa Naivasha. Wanunuzi wetu wa Uholanzi wanataka ushahidi kwamba stima ya pampu na vyumba baridi vyetu ni ya kawi jadidifu. Mshauri mmoja anasema kwa kuwa Kenya inanunua umeme wa maji kutoka Ethiopia, na laini inaishia Suswa jirani na sisi, tayari tunautumia huo. Atatuandikia cheti kwa ada ya kila mwezi. Je, kanuni za kuagiza umeme kutoka nje zinaruhusu?

JIBU: Haziruhusu, na huyo mshauri anajua. Kama hajui, basi ni hatari zaidi.

Laini ipo kweli. Inatoka Wolayta Sodo hadi Suswa, karibu kilomita 1,045, kwa mkondo wa DC, yaani unaotiririka upande mmoja tu, wa kilovolti 500. Mkataba wa 2022 ni wa miaka 25: megawati 200 kwa miaka mitatu ya kwanza, kisha 400, kwa senti 6.5 za dola kwa uniti. Mnunuzi ni Kenya Power. Wewe humo hutajwi, wala jirani yako mwenye saluni Nakuru hatajwi, ingawa naye angeweza kudai hilohilo kwa hoja ya mshauri wako.

Kinachonichosha ni hii imani kwamba umeme husafiri na kitambulisho. Fikiria tangi la ushirika wa maziwa. Kila mfugaji anapimiwa lita zake mlangoni, zinaandikwa, zinamiminwa. Baada ya hapo hakuna atakayenunua pakiti na kusema haya ni ya ng'ombe wa Mzee fulani. Suswa ndio mlango wenyewe. Mitambo ya pale inaugeuza mkondo wa DC kuwa wa AC, ule wa kwenye gridi na soketi zetu, mita zinasoma, umeme unaingia gridi ya taifa na kuchanganyika na mvuke wa Olkaria, upepo wa Turkana, mabwawa ya Mto Tana na, jioni watu wanapowasha taa na majiko, mitambo ya dizeli. Tena wewe uko Naivasha! Moshi mweupe wa Olkaria unauona ukisimama kwenye vitalu. Kama ni lazima kubahatisha stima ya pampu zako imetoka wapi, mtu mwenye macho angeanza na huko kabla ya kuvuka mpaka wa Moyale.

Kanuni za biashara hii kati ya gridi jirani zinahusu mambo mengine kabisa: megawati ngapi zipite saa ipi, ratiba ikubaliwe mapema na vituo vya udhibiti vya pande zote mbili, nani abebe upotevu wa njiani, nani alipe upande mmoja ukishindwa kutoa ulichoahidi. Kwetu, mkataba wa ununuzi hupitia EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi. Umeme ukipita nchi ya tatu, kama inavyowezekana sasa kwa laini ya Isinya hadi Singida inayotuunganisha na Tanzania, linaongezeka suala la ada ya kupitishia. Katika hayo yote, usafi wa umeme haumwagikii kila mwenye mita.

Usafi una daftari lake. Cheti halali cha kimataifa, I-REC, ni kimoja kwa kila megawati-saa moja (uniti 1,000) iliyozalishwa na mtambo uliosajiliwa, na kikishadaiwa kinafutwa kwenye rejista kwa jina la aliyekitumia. Hakiandikwi na mshauri kwenye kompyuta yake. Wala huwezi kuchukua cheti cha nchi yoyote upendayo: miongozo ya kuhesabu hewa chafu inataka kitoke katika soko lilelile la umeme unaotumia, na kuwepo kwa waya mpakani peke yake hakufanyi nchi mbili kuwa soko moja.

Bila shaka amekutisha pia kwa ushuru wa kaboni wa mipaka ya Ulaya, unaotozwa bidhaa zinazoingia huko kwa hewa chafu ya kuzitengeneza. Huo unagusa saruji, chuma, alumini, mbolea, hidrojeni na umeme wenyewe, waridi halimo. Lakini tazama unavyowabana wanaouza umeme Ulaya na kutaka uhesabiwe kwa hewa chafu halisi ya mtambo wao: wawe na mkataba na mtambo unaojulikana, nafasi kwenye laini iwe imetengwa rasmi, kusiwe na msongamano njiani, na uzalishaji ulingane na upitishaji ndani ya saa moja. Ndivyo wanavyofikiri wanunuzi wako. Halafu uwapelekee karatasi yenye picha ya bwawa?

Waandikie ukweli: unatumia gridi ya Kenya, ambayo takriban asilimia 90 ya umeme wake ni jadidifu, na taja uniti ulizotumia. Mashamba mengi duniani yangetamani kuandika sentensi hiyo. Wakitaka zaidi, nunua vyeti vya mtambo wa hapa nchini, au weka paneli za jua juu ya pakihausi na uzifungie mita yake.

Na kabla hujamlipa mtu yeyote, akupe jina la mtambo, miezi ya uzalishaji, na taarifa ya rejista inayoonyesha vyeti vimefutwa kwa jina la shamba lako. Niliwahi kuletewa karatasi mbili na wateja wawili wasiofahamiana, namba za vyeti zilezile, wote wamelipa. Nilipompigia aliyewauzia, aliniambia umeme ni uleule, kwa hiyo namba nazo zinaweza kuwa zilezile.