Namna ya kutoa dukuduku kwa Kiingereza: ushauri kwa wanaoanza

Ukifanya kazi na wasemaji wa Kiingereza, haitapita muda mrefu kabla mtu hajakuvuta pembeni na kukuambia: "I need to get something off my chest." "Chest" ni kifua: ana jambo limemkaa moyoni, na leo anataka kulitoa. Ndugu yangu unayeanza, sikiliza kwanza. Jibu kwa "Go ahead, I'm listening," kisha nyamaza. Nimeona wanafunzi wazuri wakirukia ushauri kabla mtu hajamaliza, kumbe mwenzao alikuwa anaomba sikio tu.

Kinachowapotosha wengi ni muda. Msemo huu unataka jambo lililokaa kifuani. Mtu akikukanyaga na ukamkemea papo hapo, hauhusiki. Lakini mwenzako akiwa amejipa sifa za kazi yako kwa miezi, nawe unameza tu, siku utakayomweleza ndiyo siku yake: "I had to get it off my chest." Wala si lazima liwe lalamiko. Anayekiri kosa alilolificha siku nyingi naye huutumia.

Sarufi yake ina mtego mmoja ninaousahihisha kila muhula. Kimilikishi, yaani neno la kuonyesha mwenye kitu kama "my" au "her", humfuata mwenye jambo: "she got it off her chest", "they got it off their chests". Anayekariri "my" bila kufikiri huishia kusema "she got it off my chest", na hapo mzigo wa mwingine umehamia kwake. Lile jambo lenyewe, hasa likiwa "it" au "this", hukaa katikati ya "get" na "off". Halihami.

Usiuchanganye na "let off steam". Huo ulitokana na injini za mvuke, ambazo shinikizo likizidi mvuke hutolewa ili boila lisipasuke. Anayepunguza hasira kwa kukimbia au kucheza mpira anaweza kuusema, hata asipomweleza mtu neno. Wa kifua unahitaji maneno.

"Bury the hatchet" uko mbali zaidi, nao naomba uuchukulie kwa uzito. Ulitokana na desturi ya baadhi ya mataifa ya asili ya Amerika Kaskazini ya kuzika silaha walipofanya amani, kwa hiyo unazungumzia pande mbili zilizopatana. Aliyetoa dukuduku huenda bado ana kinyongo. Ukimwandikia bosi kwamba wewe na mwenzako "buried the hatchet" ilhali umemlalamikia tu, umempa habari ya suluhu ambayo haipo.

Katika barua rasmi ya malalamiko, uache kabisa msemo wa kifua. Ni wa mazungumzo ya watu wanaoaminiana. Andika "I would like to raise a concern", kisha taja jambo lenyewe, tarehe, na unachoomba kifanyike.