Maswali ya Wasomaji: Mikwaruzo ya Lenzi na Doa Lisilofutika

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa mwaka mzima nimekuwa nikiipumulia lenzi ya kamera yangu na kuipangusa kwa pindo la fulana kila nimalizapo kupiga picha. Juzi niliimulika kwa tochi nikaona mistari myembamba kama utando wa buibui, na picha zangu zina doa la kijivu lisilotoka hata nikisugua. Je, lenzi imeharibika?

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na doa, kwa sababu yaelekea lenzi inasingiziwa. Vumbi lililo juu ya kioo cha mbele liko karibu mno kuweza kuonekana pichani kama doa. Kwa kawaida hupunguza tu ung'avu, hasa unapoelekea mwanga. Funga tundu la lenzi hadi f/16, yaani liwe dogo, piga picha ya ukuta mweupe, kisha weka lenzi nyingine na urudie. Doa likibaki mahali pale pale, vumbi liko kwenye sensa, kile kibamba kinachopokea mwanga ndani ya kamera, nawe umekuwa ukisugua kioo kisicho na hatia.

Mistari ni jambo jingine. Fulana huokota chembe za mchanga, na mchanga wa kwarzi ni mgumu kuliko vioo vingi vya lenzi, hivyo kila ulipopangusa bila kupuliza kwanza uliikwaruza mipako inayozuia mwanga usiakisiwe. Mikwaruzo hiyo haifutiki, na anayekushauri kuing'arisha kwa dawa ya meno anakupotosha, kwani utamaliza mipako iliyobaki. Hata hivyo, ikiwa ni myembamba, picha nyingi hazitaionyesha.

Kuanzia sasa, ielekeze lenzi chini na uipulizie kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo unaorusha mate, kisha pitisha brashi laini. Mara nyingi kazi huishia hapo. Mimi vumbi kidogo huliacha lilivyo. Alama ya kidole ndiyo isiyofaa kuachwa, maana mafuta ya ngozi yakikaa muda mrefu yanaweza kuidhuru mipako. Tia tone la dawa ya lenzi kwenye kitambaa safi cha maikrofaiba, kamwe si juu ya kioo, kwa sababu maji hujipenyeza pembeni mwa pete na kuingia ndani, kisha zungusha taratibu kutoka katikati kwenda nje bila kukandamiza. Dawa ya kusafishia madirisha yenye amonia isikaribie.

Ila ulitaja utando wa buibui, nami nisingependa kulipuuza hilo. Imulike tena lenzi ukiinamisha tochi upande: mistari iliyonyooka juu ya kioo ni mikwaruzo, lakini nyuzi zenye matawi zilizo ndani ni kuvu, ambayo huota kwenye unyevunyevu na hatimaye hula kioo. Ukiiona, mpelekee fundi mapema, na mfuko wa kamera utie vifuko vya silika jeli, vinavyofyonza unyevu.