Maswali ya wasomaji: lutuku, shaba na pipa la mwaloni

Barua nne tulizochagua mwezi huu zimetoka Lubumbashi, na zote zinahusu kazi ya kukeneka pombe kali, yaani kuichemsha na kupoza mvuke wake, hasa lutuku, pombe yetu ya kienyeji ya mahindi na mihogo. Kwa kuwa barua ya kwanza inagusa karibu mambo yote, nimeipa nafasi kubwa kuliko zile nyingine.

Papa, nakusalimu. Mimi ni mjane, na kwa miaka mingi nimesomesha watoto wangu kwa kupika lutuku ya mahindi na mihogo. Mwaka huu nimepewa pipa la mbao la Ulaya ambalo lilikuwa meza katika baa moja iliyofungwa. Mwanangu amesoma kwamba wiski ni pombe ya nafaka iliyolazwa ndani ya pipa miaka mitatu. Nikiilaza lutuku yangu humo, itakuwa wiski?
*Mama F., Katuba*

Mama yangu, mwanao amesoma vizuri, na undugu wa lutuku yako na vinywaji hivyo ni wa karibu kuliko watu wengi wanavyodhani. Sheria ya Marekani inataka bourbon, wiski ya kwao, itokane na nafaka ambazo angalau asilimia 51 yake ni mahindi. Kazi ya kwanza ya wapishi wa huko inafanana na yako ya uani: nafaka inaoteshwa, inakaushwa na kusagwa, ili kimea kigeuze wanga kuwa sukari, kisha hamira igeuze sukari hiyo kuwa pombe. Wiski ya Scotland hulazwa angalau miaka 3 katika mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, na cognac, pombe kali ya Ufaransa inayokenekwa kutoka kwenye mvinyo, angalau miaka 2. Kwa hiyo hukuuliza jambo la ndotoni.

Hata hivyo, anza na pipa lenyewe. Toa kizibo, weka pua kwenye tundu na uvute pumzi taratibu. Likinuka siki, mvinyo wa zamani umeharibikia ndani ya mbao na siki hiyo itaingia katika kila kitu utakachokitia. Likinuka vanishi au rangi, na ndivyo yalivyo mapipa mengi yaliyogeuzwa kuwa meza, usilitumie hata kidogo, kwa sababu pombe kali huyeyusha vanishi kuliko maji yanavyoweza. Likinuka mbao kavu tu, lijaze maji safi siku mbili au tatu ili mbao zivimbe na kubanana. Likiendelea kuvuja baada ya hapo, libaki kuwa meza.

Tuseme pipa ni zima. Litafanya nini? Pipa la mwaloni huchomwa ndani kabla ya kutumika, na moto huo huvunja lignini ya mbao ikatoa vanilini, ambayo ndiyo harufu ya vanila unayoisikia katika wiski, na hugeuza sukari za mbao kuwa rangi na ladha ya karameli. Tanini za mbao huongeza ukali wa kupendeza mdomoni, tabaka la makaa hunasa baadhi ya harufu za salfa, na hewa inayopenya polepole hulainisha kinywaji mwaka hadi mwaka. Hayo ni mengi, lakini hakuna hata moja linaloondoa methanoli, wala madini ya risasi yaliyotoka kwenye bomba baya, wala ladha ya uji ulioungua chini ya pipa la kupikia. Ninalisisitiza hili kwa sababu nimewaona watu wazima, wenye akili zao, wakiweka akiba pombe iliyowashinda kuuza kwa imani kwamba miaka itaitengeneza. Baada ya miaka mitatu watakuwa na pombe ileile mbaya, yenye rangi ya dhahabu.

Kwa hiyo kazi yako kubwa iko kabla ya pipa. Wapishi wa cognac hukeneka mara mbili: mara ya kwanza hupata kinywaji cha asilimia 28 hadi 32 hivi, kisha hukikeneka tena na kutenga sehemu tatu, kichwa kinachotangulia, moyo wa katikati na mkia wa mwisho, wakiuhifadhi moyo tu, wenye nguvu ya karibu asilimia 70. Bourbon huingia katika pipa ikiwa na nguvu isiyozidi asilimia 62.5. Lutuku iliyopikwa mara moja, iliyochanganyika kichwa na mkia, ni dhaifu na chafu kwa kazi hiyo, kwa kuwa mkia una mafuta mazito ya pombe yenye harufu ya unga uliolowa, ile harufu inayobaki mikononi hata baada ya kunawa.

Halafu kuna hali ya hewa yetu. Kila pipa hupoteza kinywaji kupitia mbao, na Wafaransa wameuita upotevu huo fungu la malaika. Katika eneo la Cognac ni karibu asilimia 2 kwa mwaka, na penye joto huwa zaidi. Katika kiangazi cha Katanga, hewa inapokuwa kavu hadi midomo inapasuka, maji hutoka kwenye pipa kwa wingi kuliko pombe, na nguvu ya kinywaji yaweza kupanda. Mvua zikija na unyevu wake, mambo hugeuka. Usiliweke pipa chini ya mabati. Liweke katika chumba cha matofali, chini, mbali na jua la mchana. Ukipoteza asilimia 4 kila mwaka, lita 200 zitabaki karibu 177 baada ya miaka 3, na katika miaka yote hiyo mahindi, makaa na jasho lako vitakuwa vimekaa humo bila kukuletea faranga moja. Viwanda vingi vipya duniani huvuka kipindi hicho kwa kuuza jini (gin), pombe kali ambayo haihitaji kulazwa. Wewe utahitaji kuendelea kuuza lutuku ya kawaida, na kulaza kile tu unachoweza kukikosa.

Nadhani hapa, kwenye kungoja, ndipo tatizo la kweli la lutuku lilipo. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na ule wa Saint-Germain-en-Laye wa 1919 ukakataza hata kuitengeneza. Kwa hiyo mama zetu waliijua kazi hii kwa siri, porini na nyuma ya nyumba, wakitumia mapipa ya mafuta kwa sababu pipa la mafuta halimshtui mtu, na kuuza usiku uleule kabla ya askari kupita. Kinywaji cha kufichwa hakiwezi kulazwa miaka mitatu, kwa kuwa hakina hata pa kulala. Wakulima wa Cognac na wa Kentucky, nyumbani kwa bourbon, hawakuwa na mikono bora kuliko yenu. Walikuwa na ghala, leja na haki ya kuandika tarehe juu ya pipa. Ndiyo maana nakuomba, Mama, kabla ya kulijaza pipa, uende kuulizia kibali, ushuru wa pombe unaotozwa na DGDA, idara ya forodha na ushuru, na vipimo vya OCC, ofisi ya serikali ya kukagua ubora wa bidhaa. Najua gharama na usumbufu wake. Ikiwezekana, nendeni akina mama kadhaa kwa pamoja, mkiwa na mtambo mmoja na daftari moja.

Wakati unangoja, fanya jaribio dogo. Chukua kipande cha mwaloni kisicho na dawa wala gundi, kikubwa kama kidole gumba, kichome juu ya makaa hadi kiwe kahawia iliyokolea, kisha kitie katika chupa ya kioo yenye lita moja ya moyo wa lutuku yako. Onja kila wiki. Huko si kulaza, lakini ulimi wako utajifunza kutofautisha mbao na pombe. Usijaribu hivyo na mbao za miombo usizozijua. Wabrazili hulaza cachaça, pombe kali yao ya miwa, katika mbao za kwao kama amburana, lakini ni mbao walizozizoea kwa muda mrefu.

Tangu utotoni tunaambiwa kwamba mpishi akimwaga kikombe cha kwanza, sumu yote imetoka. Ni kweli?
*S., mwanafunzi, Ruashi*

Si kweli, mwanangu, na imani hii imekwisha kuwadhuru watu. Hoja yake ni kwamba methanoli huchemka kwa nyuzi 64.7 na ethanoli kwa nyuzi 78.4, kwa hiyo methanoli lazima itangulie yote. Ndani ya pipa lenye maji mengi vimiminika hivyo havitoki kwa foleni namna hiyo. Methanoli hushikana na maji na kusambaa tangu mwanzo wa upishi hadi mkiani. Kikombe cha kwanza hubeba zaidi asetaldehidi na ethili asetati, ile harufu ya gundi inayochoma pua, na ni vyema kukimwaga kwa sababu hiyo.

Methanoli ya kiasili hutokana na pektini ya matunda, hasa maganda, kwa hiyo mahindi na mihogo hutoa kidogo sana. Maafa makubwa unayoyasikia, watu wengi kufa au kupofuka kwa siku moja, kwa kawaida hutokana na mtu aliyeongeza methanoli ya viwandani ili kuzidisha mzigo wake. Haina rangi, harufu yake haitofautiani sana na ya pombe ya kawaida, na kuwasha moto ili kuangalia kama mwali ni wa buluu hakuthibitishi chochote. Mwilini hugeuka kuwa asidi ya fomiki, inayoua mshipa wa jicho. Dalili zaweza kuchelewa saa 12 hadi 24: ukungu machoni, kichwa, tumbo, pumzi za haraka. Mtu wa namna hiyo asiachwe alale ili pombe iishe, apelekwe hospitali mara moja, na daktari aambiwe wazi alichokunywa, maana dawa ipo na kila saa ina thamani.

Kuhusu mihogo, neno moja: mihogo michungu ina sianidi, na haifai kuingia katika pishi kabla ya kuloweshwa siku kadhaa na maji yake kumwagwa.

Papa, mimi ni fundi wa vyuma. Nimeagizwa kutengeneza mtambo wa kukenekea. Mteja anataka shaba tupu, na kwa kupozea mvuke ameniletea rejeta ya gari. Je, shaba ina faida yoyote, au ni urembo?
*Fundi J., Kamalondo*

Fundi, ulivyonifurahisha kwa swali la kwanza ndivyo ulivyonitisha kwa rejeta. Irudishe leo. Rejeta za zamani zimelehemiwa kwa risasi, na mvuke wa pombe huitoa risasi hiyo tone kwa tone. Wanywaji wa pombe za magendo huko Marekani waliugua sumu ya risasi kwa njia hii hasa. Tumia bomba la shaba lililozungushwa ndani ya pipa la maji baridi, na ulilehemu kwa bati na fedha, bila risasi.

Shaba si urembo. Chachu hutoa misombo ya salfa yenye harufu ya mayai mabovu na kabeji, na mvuke unapoigusa shaba, salfa hubaki juu ya metali. Ndiyo maana cognac na wiski za kimea za Scotland hukenekwa katika vyungu vya shaba hadi leo. Kama fedha ya mteja haitoshi, tengeneza chungu cha chini kwa chuma cha pua na uiweke shaba juu, unakopita mvuke. Ninaumia kuona mama wa mji huu wakikeneka katika mapipa ya mafuta yaliyoshika kutu, ilhali jimbo letu liliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, na wazee wetu walimwaga shaba kuwa misalaba karne nyingi kabla reli haijafika.

Kila baada ya upishi, sugua shaba kwa ndimu na chumvi, suuza, na usiruhusu kutu ya kijani ibaki ndani, kwa kuwa ni sumu. Maungio yazibe kwa unga uliokandwa, usitumie mpira. Unga una faida ya pili: presha ikizidi, unaachia. Niliwahi kusimama uani kwa jirani siku bomba lake lilipoziba kwa makapi ya mahindi. Kifuniko kilikuwa kimefungwa kwa waya, kikaruka juu ya ukuta, na uji wa moto ukamwagika mahali ambapo mtoto wake alikuwa amesimama dakika moja kabla. Tengeneza bomba pana, Fundi, na mwambie mteja achuje uji kabla ya kuumimina.

Kwenye chupa imeandikwa 40°. Ni nyuzi za joto?
*Dada R., mtaa wa Kenya, Lubumbashi*

Hapana, dada. Ni kiasi cha pombe katika kila sehemu 100 za kinywaji, kwa ujazo. Kipimo hicho kimepewa jina la Mfaransa Gay-Lussac, aliyebuni katika miaka ya 1820 kijiti cha kioo kinachoelea, kinachozama zaidi kadiri pombe inavyozidi. Joto linahusika kwa njia nyingine: vijiti vingi vimepangiwa nyuzi 20, na mchana wa nyuzi 30 kinywaji cha 40 kitasomeka karibu 44. Ukinunua kwa kipimo, mwombe muuzaji akipoze kwanza kinywaji ndani ya ndoo ya maji ya kisima.