Bei ya Robusta Inaanzia Vietnam: Piga Hesabu Kabla Hujauza

Mkulima wa Muleba au Karagwe, mkoani Kagera, analipwa shilingi, lakini bei ya robusta yake (aina ya kahawa) inaanzia soko la London, kwa dola na kwa tani. Huko jicho la kwanza liko Vietnam, mzalishaji mkubwa wa robusta kuliko wote. Mwanzoni mwa 2023 tani ilikuwa kama dola 2,000. Septemba 2024 ilivuka 5,000. Vietnam ilipigwa na ukame, na wakulima wengi huko walikuwa wameshang'oa mibuni wakapanda doriani. Wanywaji hawaachi kikombe cha asubuhi kwa haraka, na mbuni mpya huchukua miaka kama mitatu kuzaa, hivyo upungufu mdogo tu hurusha bei juu sana. Baadaye wote waliopanda mwaka wa neema huvuna pamoja, bei ikaporomoka.

Hesabu yenyewe ni fupi. Tuseme London ni dola 4,000: kilo ya kahawa safi (punje zilizokobolewa) ni dola 4. Kilo mbili za maganda makavu (kahawa iliyokaushwa, bado haijakobolewa) hutoa takriban kilo moja safi, kwa hiyo kilo ya maganda ni dola 2. Dola ikiwa shilingi 2,500, hiyo ni 5,000. Toa usafiri, ukoboaji, magunia, tozo na faida ya mnunuzi, kisha linganisha kilichobaki na bei ya mnada wa AMCOS yako (chama cha ushirika cha wakulima).

Ile mbili kwa moja ipime mwenyewe. Twanga kilo moja ya maganda taratibu kwenye kinu, pepeta, pima punje. Zikifika gramu 500, vizuri. Zikiwa 430, mara nyingi kahawa ilichumwa mbichi na punje zimesinyaa. Hata London ikipanda, wewe utapunjika. Uma punje pia: jino likiacha alama, ina maji bado, irudishe juani. Iliyokauka ihifadhi kwenye gunia la katani juu ya chaga, mbali na ukuta.

Tafadhali, usiuze butura, yaani kahawa ikiwa ingali shambani. Kahawa ikiwa bado maua, anayepanga bei ni shida yako ya ada, soko halimo. Ukiuza kilo 100 kwa 2,000 na mnada ukafika 4,000, umepoteza 200,000. Ukikopa 200,000 hiyo hiyo kwenye kikundi kwa riba ya 30,000, umepoteza 30,000, na kahawa ni yako.