Barua kwa mwanangu: usiku nilipokutoa ukumbini

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku hatujambo. Mgongo wa baba yako umetulia kidogo, na yule mbuzi uliyetununulia Krismasi amezaa mapacha.

Nimeusoma ujumbe wako. Unasema mwalimu wa Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto parokiani, anataka kuwaonyesha watoto The Passion of the Christ, ile filamu ya Mel Gibson ya mateso ya Yesu, siku ya Ijumaa Kuu, na mjukuu wangu wa miaka saba, huyo ninayemwita mume wangu, yumo kwenye orodha. Unauliza umruhusu au umzuie. Halafu chini kabisa umechomekea swali la pili, ambalo naona ndilo ulilokuwa unalitafutia njia siku nyingi: kwa nini Ijumaa Kuu ya mwaka 2005 nilikushika mkono nikakutoa ukumbini katikati ya filamu hiyohiyo, kisha nikarudi mwenyewe kuimalizia?

La mume wangu ni jepesi. Asiende. Huko Marekani ilikotoka, mwaka 2004, aliye chini ya miaka 17 hakuruhusiwa kuingia bila mzazi au mlezi. Sasa sisi tuwakalishe wa miaka saba kwenye mkeka ati kwa sababu ni habari ya Yesu? Mwambie mwalimu kwa adabu, na akikasirika, mwambie mama yako ndiye aliyekataa.

La pili ni refu. Najua umekaa miaka yote ukidhani nilikutoa kwa sababu ya damu.

Sijui unakumbuka nini. Mimi nakumbuka shuka jeupe limepigiliwa ukutani, projekta ya kuazima, na jenereta inanguruma nje kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika. Waigizaji wanaongea Kiaramu, Kiebrania na Kilatini, maandishi ya chini ni Kiingereza, kwa hiyo katekista alishika kipaza sauti akawa anatutafsiria. Pale Gethsemane alitafsiri vizuri sana, hata sauti aliishusha. Walipofika kwenye mijeledi akanyamaza. Hapakuwa na cha kutafsiri. Wale askari walikuwa wanahesabu tu mapigo kwa Kilatini, huku wengine wakicheka. Yohana amelimaliza jambo lile kwa mstari mmoja: “Basi ndipo Pilato alipomtwaa Yesu, akampiga mijeledi.” Mel Gibson kaukalia mstari huo karibu dakika kumi, na kila ukidhani yamekwisha, wanabadilisha kiboko wanachukua chenye vyuma.

Ulijifunika kanga yangu usoni. Hapo bado sijakutoa. Nilisema moyoni, acha ajue Ijumaa Kuu si sherehe.

Nyuma yetu vijana walikuwa wameanza kupiga kelele kama wako banda la video. Makuhani wakitokea, wanazomewa. Umati ukipaza sauti, wanatukanwa. Ndipo wewe ulipotoa kichwa kwenye kanga ukaniuliza, “Mama, hawa Wayahudi sasa hivi wanaishi wapi?” Kabla sijafungua kinywa, kijana mmoja akakujibu kutoka nyuma, “Wangekuwa hapa tungewachoma.” Watu wakacheka. Na wewe ukacheka.

Hapo ndipo nilipokushika mkono.

Nje uliniuliza kama nimekasirika, nikakwambia damu imezidi. Nilikudanganya, mama. Sikuwa na maneno ya kumweleza mtoto wa miaka minane kwamba nimeogopa kicheko chake.

Baadaye ndiyo nilisoma nikajua kwamba ugomvi wenyewe ulianza hata kabla filamu haijatoka. Wayahudi wengi, na Wakristo wasomi pamoja nao, waliona makuhani na umati wamechorwa kama watu wasio na chembe ya huruma, huku Pilato akifanywa bwana mpole anayelazimishwa na watu. Pilato huyohuyo ambaye Luka 13 inasema alichanganya damu ya Wagalilaya na dhabihu zao! Na mwanahistoria Yosefo anaeleza jinsi alivyoitwa arudi Roma baada ya kuwaua Wasamaria. Kwenye filamu anasononeka na mkewe kama mtu aliyekosa usingizi. Ule mstari wa Mathayo 27:25, “Damu yake na iwe juu yetu, na juu ya watoto wetu”, Gibson aliuondoa kwenye maandishi ya chini, lakini kwa Kiaramu umebaki. Mstari huo umewahi kutumiwa Ulaya kuwatetea watu waliochoma nyumba za majirani zao Wayahudi. Kanisa letu lilishasema mwaka 1965, kwenye Mtaguso wa Vatikano wa Pili, kwamba mateso ya Kristo hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule, wala Wayahudi wa leo. Sisi ukumbini hatukuambiwa neno hilo na mtu yeyote.

Wala si kila kitu mle ni Injili. Klaudia, mke wa Pilato, kumletea Bikira Maria vitambaa vya kufutia damu hakumo kwenye Biblia. Kumetoka kwenye maono ya Anna Katharina Emmerick, mtawa wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1824. Kunguru anayemdonoa jicho yule mwizi asiyetubu, sijui katolewa wapi. Mimi sioni dhambi mtu kuongeza, kwani hata Veronika, yule mama aliyempangusa Yesu uso kwenye kituo cha sita cha Njia ya Msalaba, hayumo kwenye Biblia na tunampigia magoti kila Kwaresima. Ila watoto waambiwe.

Kinachonikera ni kingine. Jumapili ya Matawi, Mateso yakisomwa, padri ni Yesu, msomaji ni msimulizi, na sisi waumini ni nani? Ni umati. Na Ijumaa Kuu tena hivyohivyo. Mimi na mabegi yangu ya mboga, mwenyekiti wa jumuiya, wale akina mama Wakatoliki wa WAWATA na vitenge vyao, wote tunasema kwa sauti moja, “Msulibishe!” Ulipokuwa mdogo ulikataa kulisema neno hilo, ukaziba mdomo kwa mikono miwili, nami nikakuacha. Ila mchana wa Ijumaa ile mimi nilikuwa nimelitamka. Saa nne baadaye nimekaa mbele ya shuka, na neno lilelile linatoka kinywani mwa watu wengine, wageni, wenye meno mabovu, nami nawachukia nikiwa nimetulia kitini.

Sasa kwa nini nilirudi? Nilikukabidhi kwa shangazi yako, nikasimama mlangoni. Nilirudi kwa ajili ya mama yake.

Yupo mwigizaji Mromania, Maia Morgenstern, tena yeye mwenyewe ni Myahudi, ndiye aliyekuwa Bikira Maria. Kuna mahali Yesu anaanguka na msalaba, na Maria amejibanza kwenye kichochoro, hawezi kusogea. Mara anakumbuka siku mtoto alipojikwaa nje ya nyumba, naye akatupa alichokuwa anafanya akakimbia. Anakimbia vilevile sasa. Anamfikia anamwambia, “Niko hapa.” Basi. Pale katekista alishakuwa na sauti tena, akatafsiri maneno hayo mawili, kisha akayarudia bila sababu. Ukumbi wote kimya, hata wale vijana. Nimepita kituo cha nne maisha yangu yote, Yesu akutana na Mama yake, na sikuwahi kufikiri kwamba Maria alikimbia.

Kwa hiyo wewe mkubwa iangalie, sikukatazi. Itazame mwanzo hadi mwisho, na pale penye mijeledi ukitaka kwenda kuchemsha chai, nenda, hutakosa kitu. Lakini soma kwanza Yohana 18 na 19, ni kurasa chache.

Mume wangu mlete huku Alhamisi Kuu kama nauli ipo. Mabasi ya asubuhi hujaa wiki hiyo, kata tiketi mapema. Ijumaa nitaenda naye kwenye Njia ya Msalaba mlimani, atabeba kile kimsalaba cha babu yake. Akiniuliza wale watu wanaishi wapi, safari hii nitamjibu mwenyewe.

Baba yako anakusalimu. Anasema ile dawa ya mgongo imekwisha.

Mimi mama yako