Uliza Tukujibu: Mnara mmoja tu, mtu atapatikanaje?

SWALI: Ndugu yetu huchunga ng'ombe porini penye mnara mmoja tu wa simu. Alipopotea tuliambiwa mnara ulionasa simu yake unajulikana, lakini bado tulihangaika kumtafuta. Kwa nini kampuni ya simu isionyeshe alipo?
Mfugaji, Iringa

JIBU: Mnara mmoja haukuonyeshi mtu alipo, unakupa upande na umbali. Antena zake kwa kawaida hugawa eneo mapande matatu, kila moja nyuzi 120. Umbali hukadiriwa kwa muda ambao mawimbi huchukua kusafiri, na kwenye 2G (mtandao wa zamani wa simu za kawaida) kipimo hicho huruka hatua za mita 550 hivi. Basi aliye kilomita 12 kutoka mnarani anaweza kuwa popote ndani ya ukanda uliopinda, urefu kilomita 25, upana nusu kilomita. Mawimbi yakigonga kilima kwanza, umbali husomeka mrefu kuliko ulivyo. Mjini vipimo vya minara mitatu hukutana mahali pamoja; huko kwenu wa pili haupo.

Hata hivyo ukanda huo si haba. Anzeni na njia, visima na mabonde yaliyomo, msizunguke mnara mzima. Ndugu hawapewi taarifa hizi na kampuni. Nendeni polisi mkafungue RB (taarifa rasmi yenye namba), tena mapema, maana simu ikizima kinachobaki ni mnara wa mwisho kuisikia.

Na msimpigie mfululizo! Simu ikiwa mbali na mnara hutuma kwa nguvu kubwa (2G hufika wati 2) na chaji huisha upesi. SMS moja inatosha: itangoja kwenye mtambo wa kampuni hadi apande mwinuko apate mtandao.

SWALI: GPS inahitaji bando?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Haihitaji, kwani simu hupokea tu kutoka kwenye setelaiti. Ila bila intaneti huchelewa, pengine zaidi ya dakika 10 ikiwa ilizimwa muda mrefu. Simama mahali peupe, tulia. Pakua ramani kabla ya safari. Ukipata zile namba mbili za mahali ulipo (latitudo na longitudo), zitume kwa SMS. Tarakimu 4 baada ya nukta zinakufikisha ndani ya mita 11 hivi. Kosa linalotokea sana ni kusahau alama ya kutoa: -7.68, 34.93 ni Hifadhi ya Ruaha, 7.68, 34.93 ni Ethiopia.