Kasuku kamng'ata wifi: maswali yenu kuhusu ndege na wageni

SWALI: Nina kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ana miaka 6. Mimi huniinamishia kichwa nimkune mpaka anasinzia. Sikukuu wifi yangu alikuja, ndege akainamisha kichwa vilevile, wifi akapenyeza kidole kwenye tundu. Aling'atwa hadi damu. Sasa nyumba nzima inasema ndege kawa mkali, niuze. Kimemsibu nini?
Mama wawili, Tabata

JIBU: Pole dada, na wifi tumpe pole. Hakuna kilichomsibu. Kasuku huinamisha kichwa kwa sababu zaidi ya moja, na tofauti unaiona kwenye manyoya ya kisogo.

Anapoomba kukunwa, manyoya yale hulegea na kufunguka moja moja, ukimsogelea unaona mashina yake. Macho yamefumba nusu, mwili umetulia, pengine mguu mmoja kaukunja tumboni. Anapojiandaa kung'ata, kichwa kimeinama lakini mwili umekakamaa. Kaja mbele kidogo, mabawa yameachana na mbavu, manyoya ya mabega yamesimama kwa nguvu, mkia umetanuka kama upepeo. Tazama na jicho. Kwa ndege wa umri huo duara linalozunguka mboni ni la njano hafifu, kwa hiyo mboni nyeusi ikibana na kupanuka harakaharaka huwezi kuikosa. Ila usihukumu kwa jicho peke yake. Kasuku hufanya hivyohivyo akifurahia neno jipya au akiona karanga. Jicho lisome pamoja na mwili mzima.

Hofu nayo ina sura yake. Manyoya hulala yakaubana mwili, ndege akaonekana mwembamba na mrefu, akaegemea nyuma. Wengine huinua mguu mmoja mbele kama wanakusukuma. Kasuku wa kijivu pia hunguruma, sauti ya chini ya kukwaruza, na hapo ndipo wageni wengi hucheka na kusogea karibu zaidi wamsikie vizuri. Mngurumo huo ni ombi la kuachwa, na anayesogea wakati huo asishangae akidonolewa.

Kosa la wifi lilikuwa kidole ndani ya tundu. Ndege aliye nje anaweza kuruka akaondoka. Aliye ndani hana pa kukimbilia, na lile ndilo chumba chake cha kulala. Tusingependa mtu aingie chumbani kwetu bila hodi, sembuse mtu asiyejulikana.

Tunaelewa ugumu wako: kwetu mgeni hakatazwi kitu. Basi mwambie mapema, akiwa bado mlangoni anavua viatu: "Huyu tunamsalimia kwa mdomo tu, hashikwi." Neno hilo likisemwa mapema halimvunjii mtu heshima. Likisemwa wakati mkono uko hewani, linaonekana karipio.

Kama wifi bado anataka kuzoeana naye, aanzie mbali. Akae kama mita 3 kutoka kwenye tundu, ubavu ukiwa upande wa ndege, na asimkodolee macho. Kasuku ana macho pembeni mwa kichwa kama ndege wengine wanaowindwa. Kiumbe anayemkabili uso kwa uso bila kupepesa anamfananisha na mwewe. Kipimo cha umbali ni chakula. Ndege akiendelea kula, mgeni yuko pazuri. Akiacha punje na kuganda, mgeni kasogea mno, arudi nyuma nusu mita. Dakika 5 zinatosha kwa siku moja.

Akizoea hapo, mgeni aje adondoshe punje 1 ya alizeti kwenye kibakuli kisha aondoke palepale. Kule kuondoka ni sehemu ya zawadi, maana ndege anajifunza kwamba mtu huyu hakai kumsumbua. Baadaye punje itolewe kwenye ncha ya mwiko wa mbao wenye mpini mrefu, ili vidole viwe mbali. Mkono wenyewe unakuja mwisho kabisa, ndege akiwa nje ya tundu: uletwe taratibu usawa wa chini ya kifua, juu kidogo ya miguu, na useme "panda". Akiegemea nyuma au akifungua mdomo, mkono ushuke, mwisho wa somo. Usihesabu siku, kwa ndege mwingine hizi ni wiki nyingi. Na wapo wasiokubali mtu wa pili maishani. Huyo naye ana haki yake.

Atakayeruhusiwa kumgusa aishie kichwani na shingoni. Mgongoni na chini ya mabawa kunamwamsha kimapenzi, na ndege wa namna hiyo huanza kumlinda mtu mmoja na kuwashambulia wengine.

Kumuuza kwa sababu ya kidole kimoja, tunakuomba usifanye. Ndege hawa hufika miaka 40 na zaidi wakitunzwa vizuri, na kuhamishwa nyumba ghafla huwafanya baadhi yao kujinyonyoa manyoya mpaka kifua kinabaki kitupu.

SWALI: Wageni wakijaa sebuleni, nimfungie ndege chumbani au ni kumnyanyasa?
Msomaji, Mikocheni

JIBU: Mhamishe, tena kabla hawajafika, ili asidhani anaadhibiwa. Chumba kiwe na dirisha la hewa, maji safi, na upande mmoja wa tundu ugusane na ukuta apate pa kujiegemeza. Feni ya dari izimwe kabisa ikiwa unamfungulia. Usimpeleke jikoni: sufuria zisizoshika chakula zikiungua hutoa hewa isiyo na moshi wala harufu kali, na huua ndege kwa dakika chache. Udi nao, pamoja na dawa ya mbu ya kuchoma, uwe mbali naye. Mapafu ya ndege hayavumilii moshi. Saa za usingizi zisiguswe. Anahitaji 10 hadi 12 za giza na utulivu, hata kama sherehe inaendelea.

SWALI: Wajukuu na wenzao walizoea kumchokoza kasuku wetu kwa penseli. Zamani alikuwa ananguruma kwanza. Siku hizi kimya, ghafla kang'ata. Kwa nini?
Babu, Magomeni

JIBU: Shikamoo mzee. Kasuku wako alinguruma, hakusikilizwa. Akatutumua manyoya, watoto wakacheka. Jino, kwa maana ya mdomo, ndilo pekee lililoondoa penseli, naye akajifunza kuyaacha yale mengine yasiyomsaidia. Ndege wa hivi tunamwogopa kuliko anayenguruma mchana kutwa.

Onyo linarudi likiheshimiwa. Kwa mwezi mzima mtu yeyote akimkaribia, atazame dalili ndogo kabisa: kuganda, kuacha kula, kugeuza kichwa. Akiiona tu, arudi hatua moja nyuma bila kusema neno. Akisahau na ndege akanguruma, mngurumo huo ni wa kushukuriwa, usikaripiwe wala tundu lisipigwe kofi. Penseli, vijiti na kalamu viwekwe mbali kabisa. Watoto wakae nyuma ya mstari. Chora kwa chaki sakafuni, mita 1 na nusu kutoka kwenye tundu. Mmoja wao mpe kazi ya kutangaza: "Kaganda! Rudini!" Watoto hupenda cheo, na kwa macho yao makali wataziona dalili kabla yetu.

Akimng'ata mtu, mtu huyo asipige kelele wala asikurupue mkono. Ndege hukaza zaidi, na kelele humwonyesha kwamba kung'ata kuna matokeo. Ashushe mkono polepole mpaka juu ya meza, ndege ataachia atafute pa kukanyaga. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Likiwa la kina, aende kituo cha afya aulizie sindano ya pepopunda, na awaambie kabisa kwamba kang'atwa na ndege.